Kifuko cha maji kwenye titi la mwanaume: kipimo kipi kinafaa, kipi kinapotosha

Saratani ya titi kwa mwanaume ni nadra. Katika kila saratani 100 za matiti, ya mwanaume ni kama moja tu. Ndani ya uchache huo kuna aina iliyo adimu zaidi, saratani ya papilari iliyofungwa. Ni kifuko chenye maji, mara nyingi nyuma ya chuchu au pembeni yake kidogo, na ndani yake kuna kinyama laini chenye vidole vidole kilichoshika ukuta. Huwapata zaidi wazee. Hukua polepole, aghalabu haiumi, na ikiondolewa yote kabla haijatoboa ukuta mgonjwa huwa na matumaini makubwa ya kupona.

Tathmini hii ni ya huduma anazopewa mwanaume mwenye uvimbe wa namna hiyo: anapimwa kwa kifaa gani, na jibu analoondoka nalo lina uzito kiasi gani. Hospitali hatuzitaji. Sindano ileile hufanya kazi safi kwenye jengo moja na kuharibu kwenye jingine, kwa sababu zinazoelezeka, na sababu hizo ndizo tunazozifuata. Kila huduma tumeipima kwa maswali mawili: je, inafikia kile kinyama kilicho ukutani? Na je, inasaidia kujua kama kimetoka nje ya kifuko?

Sindano nyembamba: 2 kati ya 10

Tuanze na huduma inayopatikana kirahisi kuliko zote. Sindano ya geji 21 hadi 23 (geji ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba), sirinji ya ml 10, vioo viwili vitatu vya darubini, na kazi imekwisha ndani ya dakika chache. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Kwa tezi ya kwapani ni kipimo cha heshima kabisa, na kwa uvimbe mgumu kinaweza kutoa mwanga. Kwa kifuko cha aina hii ni mtego.

Mtego wenyewe uko hivi. Sindano inavuta maji, uvimbe unanywea hapo hapo, na kila mtu chumbani anafurahi. Maji yanayotoka huwa ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, au mekundu meusi. Yakifika maabara, mle ndani kuna damu iliyozeeka, seli zilizomeza damu hiyo, na pengine seli chache za uvimbe zilizokwisha kuharibika kwa kukaa majini. Jibu linaandikwa: hakuna seli za saratani zilizoonekana. Jibu hilo ni la kweli kuhusu maji. Kuhusu kinyama cha ukutani halisemi lolote, kwa sababu sindano haikukigusa. Baada ya wiki kadhaa kifuko kinajaa tena, kinavutwa tena, na jibu linarudi vilevile.

Hata seli zikipatikana za kutosha, bado kuna tatizo. Kwenye kioo, seli za papiloma isiyo saratani na za saratani ya papilari hufanana mno, na ukuta wa kifuko hauonekani kwenye kioo cha namna hii. Mtaalamu mwangalifu ataandika "uvimbe wa papilari, kipande cha nyama kinahitajika", na hapo umelipia kipimo kinachokuagiza kwenda kwenye kipimo kingine. Hasara kubwa zaidi ni kwamba kifuko kilichonywea kinamficha mhusika. Anayekuja kupiga ultrasaundi siku inayofuata anakuta mkunjo wenye damu iliyoganda na hajui alenge wapi.

Kosa hili humpata hasa mhudumu aliyezoea wanawake. Kwa mwanamke, kifuko cha maji safi ni jambo la kila wiki kliniki. Titi la mwanaume kwa kawaida halina zile tezi ndogo za maziwa ambazo vifuko hivyo huanzia, kwa hiyo kifuko kwa mwanaume ni kitu cha kutiliwa shaka tangu mwanzo, na kikiwa na nyama ndani, kinyama lazima kichukuliwe. Kama maji yameshavutwa, yasimwagwe: iandikwe ni mililita ngapi na rangi gani, yapelekwe maabara, na mgonjwa apigwe ultrasaundi haraka ili kuona kama kuna nyama iliyobaki ya kulenga. Isipoonekana, daktari wa upasuaji aamue kuhusu kuondoa eneo zima. Jibu safi la maji lisiwe sababu ya kufunga faili.

Mkono wa daktari: 6 kati ya 10

Ni bure na hauhitaji umeme. Mgonjwa alale chali, mkono nyuma ya kichwa. Daktari aweke kidole gumba na cha shahada pande mbili za titi na kuvileta taratibu kuelekea chuchu. Titi lililokua kwa homoni hutoa kisahani cha mpira chini ya chuchu, kimezunguka pande zote sawasawa, mara nyingi kinauma kikibonyezwa, na wakati mwingine kiko pande zote mbili. Mafuta matupu hayazuii vidole hadi vikutane. Saratani ya kawaida huwa ngumu, imeegemea upande mmoja, haiumi, na huenda imevuta chuchu ndani au kutoboa ngozi.

Tumeukata alama nne kwa sababu saratani ya papilari haifuati sheria hizo. Inaweza kuwa duara, laini pembezoni, na ikateleza chini ya vidole kama kitu kisicho na madhara. Kinachosaidia ni chuchu: ibonywe kwa upole juu ya shashi nyeupe. Doa la damu kwa mwanaume ni dalili nzito, hata kama mkono haukukuta kitu.

Kosa la pili ni kusingizia dawa. Kweli zipo dawa zinazokuza matiti ya wanaume: spironolaktoni, simetidini, ketokonazoli, bikalutamidi ya tezi dume, na hapa kwetu hasa efavirenzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kwenye mseto wa ARV kabla ya dolutegraviri kushika nafasi yake. Ini lililoharibika nalo hukuza matiti. Lakini dawa hukuza kisahani cha chini ya chuchu. Haitengenezi kifuko chenye kinyama ukutani. Mtu anayetumia efavirenzi akiwa na uvimbe wa upande mmoja uliohama kutoka katikati, jibu la "ni dawa tu, tutabadilisha" ni la kukataa kwa adabu: "Daktari, naomba kwanza tupige picha." Daktari asiishie kwenye titi; ashike kwapa, juu ya mtulinga, ini na korodani. Korodani ndogo na ngumu huweza kuashiria mtu aliyezaliwa na kromosomu ya X ya ziada, hali inayoitwa Klinefelter, ambayo huongeza hatari ya saratani ya titi mara nyingi zaidi.

Mamografia: 5 kati ya 10 kwa ugonjwa huu

Kwa saratani ya titi ya mwanaume kwa ujumla tungeipa picha hii ya eksirei ya titi alama za juu zaidi. Mwongozo wa wataalamu wa radiolojia wa Marekani ni rahisi kukumbuka: mwanaume wa miaka 25 na zaidi mwenye uvimbe wa kutilia shaka aanze na mamografia, aliye chini ya hapo aanze na ultrasaundi, na mwenye dalili kamili za matiti ya homoni hahitaji picha. Zipigwe pande mbili, kila titi kutoka juu na kwa mshazari, na kialama kidogo cha chuma kibandikwe juu ya ngozi palipo na uvimbe. Mtaalamu wa picha akivuta titi dogo kwa haraka, uvimbe ulio karibu na misuli ya kifua hubaki nje ya fremu, na picha inasomwa kuwa safi. Ukiona kialama hakimo kwenye picha, picha hiyo irudiwe.

Shida ni sura ya ugonjwa wenyewe. Saratani nyingine hutoa miiba pembezoni. Hii hutoa duara jeupe lenye mpaka mkali, na kwenye mamografia kifuko kilichojaa maji na uvimbe uliojaa nyama havitofautishwi. Msomaji anayekwenda kwa mazoea huandika "inaelekea si saratani". Kwa mwanaume mzee, duara hilo liende ultrasaundi siku hiyo hiyo.

Huduma ya mapokezi nayo ina alama zake, na si nzuri. Fomu inauliza tarehe ya hedhi ya mwisho. Bango linasema kliniki ya kina mama. Mzee wa miaka 70 akiitwa "mama" kwa mazoea ya msajili mbele ya benchi zima, uwezekano wa kurudi kuchukua majibu unapungua, na sisi tunahesabu hilo kuwa kasoro ya kipimo. Kumwita kwa jina na kumweka chumba cha pembeni hakugharimu kitu.

Ultrasaundi: 8 kati ya 10

Hapa ndipo ugonjwa unapojionyesha. Kichwa cha mashine kiwe kile cha bapa, megahezi 12 au zaidi. Kile kilichopinda cha tumbo hakifai, nacho hutumika mara nyingi kwa kuwa ndicho kilichopo mezani. Kinachotafutwa ni kifuko cheusi chenye kinyama cha kijivu kimeegemea ukuta. Damu iliyoganda nayo huonekana kijivu ndani ya kifuko, na ndipo wengi wanapojikwaa. Zipo njia mbili za kuvitenganisha. Ya kwanza, mgeuze mgonjwa alalie ubavu: matope ya damu huteremka, kinyama hubaki pale pale. Ya pili, washa dopla, sehemu ya mashine inayoonyesha damu ikipita: kinyama kina mshipa wa damu unaoingia kutokea ukutani, damu iliyoganda haina. Mkono uwe mwepesi wakati wa dopla. Titi la mwanaume ni jembamba, nyuma yake kuna mbavu, na mpimaji anayekandamiza anaufunga mshipa mwenyewe kisha anaandika kwamba hakuna mtiririko wa damu.

Ripoti yenye thamani inataja vipimo vitatu vya uvimbe kwa milimita, mahali kwa mtindo wa saa, umbali kutoka chuchu kwa sentimita, na kina kutoka ngozini. "Kifuko titi la kushoto" peke yake haimsaidii atakayechoma sindano. Kwapa lipimwe katika kikao hicho hicho; tezi ambayo ganda lake la nje limezidi milimita 3 ichomwe sindano nyembamba, na hapa ndipo sindano hiyo inapostahili sifa yake. Alama mbili zilizopungua ni za mkono: mashine nzuri mikononi mwa mtu asiye na uzoefu wa matiti ni mashine ya kawaida.

Sindano nene ya kuchukua nyama, ikiongozwa na ultrasaundi: 9 kati ya 10

Kama mfuko unaruhusu kipimo kimoja tu cha kugharamia, kiwe hiki. Sindano ni ya geji 14, inakata utepe mwembamba wa nyama. Aina mbili zipo sokoni na kwa kifua cha mwanaume tofauti yake ni kubwa. Ile ya kujiendesha yenyewe ukibonyeza inaruka mbele, kwa kawaida milimita 22, kisha inakata. Ni ya haraka na hutoa utepe mzuri, lakini titi jembamba huenda halina milimita 22 za kuruka kabla ya msuli na pafu. Ile ya nusu mkono inakuruhusu kusukuma ncha ya ndani taratibu, ukaona kwenye skrini kwamba kijinafasi cha kushika nyama kimekaa ndani ya kinyama, ndipo ukafyatua ala ya nje ikate bila kusogea mbele. Kwa uvimbe huu tunapendekeza ya pili. Anayebaki na ya kwanza aingie sambamba na ukuta wa kifua, asielekeze ncha chini, na ahesabu nafasi iliyo mbele ya ncha kabla ya kufyatua.

Mpangilio wa kazi ni huu. Mgonjwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme mapema damu ipimwe. Ngozi isafishwe, kisha lignokaini ya asilimia 1, mililita 5 hadi 10, ichomwe kwenye ngozi na kuzunguka kifuko, isiingie ndani yake. Mililita 10 ni miligramu 100. Kikomo bila adrenalini ni miligramu 4.5 kwa kilo, yaani miligramu 270 kwa mtu wa kilo 60, kwa hiyo hakuna haja ya kubania ganzi mpaka mtu aumie. Ngozi ichanjwe milimita 2 au 3 kwa wembe namba 11. Ukiwa na ala ya kuongozea ya geji 13, iweke ikae. Sindano ya geji 14 hupita ndani yake kila mara, njia inabaki moja, na seli hazitawanywi ovyo.

Maji yasivutwe kwanza. Hili tunalirudia kwa kuwa ndilo linalovunjwa sana: kifuko kilichojaa ndicho kinachokionyesha kinyama. Utepe wa kwanza uende moja kwa moja kwenye kinyama, maana baada ya hapo damu itaingia kifukoni na skrini itachafuka. Tepe nyingine zichukuliwe kwenye kinyama na pale kinaposhikana na ukuta, pamoja na ukuta wenyewe. Jumla ya nne hadi sita zinatosha. Ziangalie zikiingia kwenye kichupa: mafuta huelea, nyama ya uvimbe huzama. Uvimbe wa papilari ni mwororo na huvunjika, kwa hiyo badala ya utepe mzima unaweza kupata chembe za rangi ya kahawia nyekundu. Hizo ndizo hasa zinazotakiwa; zikusanywe zote, zisifutwe na shashi.

Ukimaliza, weka alama ndogo ya chuma palipochomwa kama ipo, hasa uvimbe ukiwa mdogo, kisha bana kwa mkono dakika 10 kwa saa ya ukutani. Mgonjwa asiinue mzigo mzito siku hiyo. Kifua kikibana au pumzi ikakata, asisubiri kesho.

Kwa nini si 10? Kwa sababu tepe haziwezi kuthibitisha kwamba ukuta mzima uko salama. Kipande kidogo tu cha ukuta kimeonekana. Ripoti nzuri husema "saratani ya papilari, uvamizi utaamuliwa baada ya uvimbe wote kuondolewa", na mgonjwa asiione kuwa ripoti ya kukwepa. Hiyo ndiyo ripoti ya mtu anayejua kazi yake.

Kichupa na formalini: hapa ndipo huduma nyingi huanguka

Kipimo cha geji 14 kinaweza kufanywa kwa ustadi wote halafu kikafia kwenye kichupa. Nyama iingie formalini, dawa ya kuihifadhi isioze, mara moja, isizidi saa moja tangu ikatwe, na formalini iwe ya asilimia 10 yenye bafa. Lita moja hutengenezwa kwa ml 100 za formaldehaidi ya dukani ya asilimia 37 hadi 40, ml 900 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za disodiamu haidrojeni fosfeti. Bila chumvi hizo mbili formalini huwa tindikali, na vipokezi vya homoni havisomeki vizuri. Kiasi kiwe angalau mara 10 ya nyama.

Tunayoyakuta: nyama kwenye maji ya chumvi ya dripu kwa sababu formalini imekwisha, nyama kwenye spiriti, nyama kwenye formaldehaidi isiyochanganywa, kwa imani kwamba kali zaidi ndiyo bora zaidi. Kila moja huharibu kwa namna yake, na hakuna maabara inayoweza kuirudisha nyama ilivyokuwa.

Muda wa kukaa formalini ni kati ya saa 6 na 72. Kipande kilichochukuliwa saa sita mchana kikasukumwa mashineni jioni ile ile hakijaiva. Upande wa pili, angalia kalenda: kilichochukuliwa Alhamisi saa tisa alasiri kabla ya Ijumaa Kuu, kikafunguliwa Jumanne saa tatu asubuhi, kimekaa saa 114. Kabla ya sikukuu ndefu ni afadhali kuahirisha kuliko kuchukua na kuacha. Kwenye lebo iandikwe saa ya kuchukuliwa na saa ya kuingia formalini, pamoja na jina, upande wa titi na namba ya faili. Lebo ibandikwe kwenye kichupa. Ya kwenye kifuniko huhama kifuniko kinapohama.

Kwenye fomu daktari aandike "mwanaume", umri, kwamba ni kifuko chenye kinyama, na kama sindano yoyote ilishapita hapo kabla. Neno hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Sindano husukuma seli kwenye njia yake, na mtaalamu asiyejulishwa akizikuta nje ya ukuta anaweza kuzisoma kuwa uvamizi. Aliyejulishwa atatazama kama seli hizo zimelala kwenye mstari wa kovu na madoa ya damu ya zamani.

Maabara ya patholojia

Rangi ya kawaida ya waridi na zambarau itaonyesha vidole vya papilari. Kuamua ni saratani au papiloma kunahitaji imunohistokemia, yaani rangi maalumu zinazoshika protini fulani za seli, na maabara isiyokuwa nayo itume bloku, yaani nyama iliyozamishwa kwenye nta, kwenye iliyo nayo badala ya kubahatisha. Kinachotafutwa ni seli za mayoepitheli, lile tabaka la nje ambalo mfereji wa kawaida wa titi hauwi bila hilo. Rangi za p63, kalponini na maiosini ya msuli laini huzionyesha. Papiloma isiyo saratani huwa nazo ndani ya vidole. Saratani ya papilari iliyofungwa haina ndani ya vidole, na kwa kawaida haina hata pembezoni mwa kifuko. Kalponini ikitumika peke yake hudanganya, kwa kuwa hushika pia mishipa ya damu na seli za kovu; p63 ambayo hushika viini tu ndiyo mwenza wake. Kwenye kioo hicho hicho lazima uwepo mfereji wa kawaida ulioshika rangi. Usipokuwepo, "hakuna mayoepitheli" huenda maana yake ni kwamba rangi haikufanya kazi.

CK5/6, rangi nyingine ya protini ya seli, na kipokezi cha estrojeni husomwa pamoja. Kwenye papiloma, CK5/6 hushika kwa mabaka na estrojeni vilevile. Kwenye saratani hii CK5/6 haishiki na estrojeni hushika karibu kila seli kwa nguvu. Mwanaume mwenye historia ya saratani ya tezi dume aongezewe rangi za kutambua asili, GATA3 kwa upande wa titi na NKX3.1 kwa upande wa tezi dume, kwa sababu saratani ya tezi dume huweza kusafiri hadi kwenye titi.

Matokeo ya vipokezi yana kipimo chake cha kujikagua. Katika mradi wa kimataifa wa saratani ya titi ya wanaume, uliochapishwa mwaka 2018 ukiwa na wagonjwa 1,483, asilimia 99 walikuwa na kipokezi cha estrojeni, na HER2, protini inayochochea seli kukua, ilikuwepo kwa takribani asilimia 9 tu. Kwa hiyo ripoti ya mwanaume ikisema estrojeni hakuna, kabla ya kubadilisha tiba rudi kwenye saa za formalini, tazama kama mfereji wa kawaida umeshika rangi, na urudie kwenye bloku nyingine. HER2 ya 2+ si ndiyo wala hapana. Inapelekwa kwenye kipimo cha jeni.

Baada ya upasuaji, nyama iliyotolewa iende na nyuzi za kuonyesha mwelekeo, kwa mfano uzi mfupi juu na mrefu upande wa kwapa, na kingo zipakwe wino. Mtaalamu akate vipande vya milimita 5 na kuuchukua ukuta wa kifuko wote aupitie, si vipande viwili vya mfano. Kama hakuna uvamizi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unaiweka saratani hii kwenye daraja la iliyolala mahali pake, hata kifuko kikiwa na sentimita 4. Kama upo, kinachopimwa kwa ajili ya daraja ni sehemu iliyovamia tu. Ripoti inayoandika ukubwa wa kifuko kizima kana kwamba chote kimevamia humpandisha mgonjwa daraja na kumtwisha kemo asiyoihitaji. Hapa uliza bila woga.

Kabla ya kulipa

Piga simu hospitali uulize manne: sindano ni ya geji 14 na inaongozwa na ultrasaundi? Formalini yenu ina bafa? Imunohistokemia inafanyika hapo au inatumwa, na majibu yake yanarudi baada ya muda gani? Bei mliyotaja inajumuisha rangi hizo au ni ya kuchukua nyama tu? La mwisho ndilo huwashangaza watu dirishani, kwa kuwa bei inayotajwa mara nyingi ni ya hatua ya kwanza. Mwenye bima aombe kibali cha imunohistokemia pamoja na cha kuchukua nyama, ili sampuli isikae wiki ikisubiri karatasi. CT ya mwili mzima haihitajiki kwa saratani iliyofungwa isiyovamia. Ukiandikiwa kabla ya ripoti ya nyama iliyochukuliwa, uliza inatafuta nini.

Mwanaume yeyote aliyethibitika kuwa na saratani ya titi ashauriwe kupima jeni, hasa BRCA2, iwe kuna ndugu mgonjwa au hakuna. Jibu hilo linawahusu pia mabinti, wana na dada zake. Bloku za nta na vioo ni sehemu ya faili la mgonjwa: akihamia hospitali nyingine aombe bloku zenyewe au vioo vilivyokatwa upya, pamoja na nakala ya ripoti yenye namba ya maabara, na asaini daftari siku ya kuchukua. Visafirishwe kwenye sanduku gumu, mbali na jua, kwa sababu nta huyeyuka kwenye dashibodi ya gari.